SIMBA KATIKA SITIARI: LEON WA KIYUNANI, ASAD WA KIARABU NA SIMBA WA KISWAHILI

1. Utangulizi

Ni vigumu kupata mfano uliozoeleka zaidi katika ufundishaji wa tamathali za usemi kuliko ule wa simba. Mwanafunzi wa shule ya upili hufunzwa kwamba sentensi 'Juma ni kama simba' ni tashbihi, na kwamba 'Juma ni simba' ni sitiari, au istiara kama wengine wanavyopendelea kuiita. Afikapo chuo kikuu huwa tayari ana jibu lisilobadilika: simba huashiria ushujaa. Kila anapokumbana na simba katika shairi, katika utendi au katika ngano, huandika neno hilo moja na kuendelea mbele.

Jibu hilo halina kosa la wazi, na ndiyo sababu limedumu. Tatizo lake ni kwamba halikutokana na usomaji wa matini za Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba maana ya ushujaa iliingia katika uhakiki wa Kiswahili pamoja na mfano wenyewe, kwa njia mbili, yaani balagha ya Kiarabu na elimu ya Kimagharibi, na kwamba inapotumiwa kama ufunguo wa kila mlango huficha yale ambayo fasihi ya Kiswahili inasema kuhusu simba. Ili kuthibitisha dai hilo, mfano huo utafuatwa hadi kwenye asili yake. Kisha neno simba litachunguzwa katika sarufi, methali, ngano na utendi. Na mwishowe mazingira ya Eldoret yatatumiwa kuonyesha kwa nini suala hili linamhusu msomaji wa leo.

2. Chimbuko la mfano

Katika kitabu cha tatu cha Retoriki, Aristotle anatofautisha tashbihi na sitiari kwa kumtumia Achilles, shujaa wa Homer. Mshairi akisema kwamba Achilles alishambulia kama simba, hiyo ni tashbihi. Akisema kwamba simba alishambulia, huku akimkusudia Achilles, hiyo ni sitiari. Aristotle anaongeza sababu: kwa kuwa wote wawili ni mashujaa, mshairi amelihamisha jina la mmoja na kumpa mwingine. Neno la Kiyunani ambalo limezaa istilahi ya sitiari katika lugha za Ulaya lina maana hiyo hiyo ya kuhamisha.

Takriban karne kumi na nne baadaye, mwanabalagha Abd al-Qahir al-Jurjani, aliyefariki katika karne ya 11, alimchukua simba kuwa mfano wake mkuu katika Asrar al-Balagha. Mtu aliyekutana na shujaa anasema 'nimemwona simba'. Jina la mnyama limeazimwa likapewa mtu. Istilahi ya Kiarabu inayotumika hapo, ambayo ndiyo asili ya neno la Kiswahili istiara, inahusu tendo la kuazima. Kwa Aristotle jina huhamishwa. Kwa al-Jurjani huazimwa. Msingi unaotajwa, ule ambao wanabalagha huuita uso wa mshabaha, ni ule ule: ushujaa.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba sentensi ya vitabu vya shule, 'Juma ni simba', haikubaliani na mfano wa yeyote kati ya wanazuoni hao wawili. Katika sitiari ya Aristotle, Achilles hatajwi. Simba peke yake ndiye anayeonekana. Al-Jurjani naye anaiona sentensi ya namna ya 'Zaidi ni simba' kuwa tashbihi iliyoachwa bila kiunganishi chake, kwa kuwa pande zote mbili bado zimetajwa na hakuna kilichoazimwa kikamilifu. Mwanafunzi wa Kiswahili basi hupewa mfano ulio katikati, kisha hupewa pia maana yake kabla hajasoma matini yoyote. Kazi ambayo sitiari inamdai msomaji, yaani kutambua ni nani anayesemwa na kwa msingi upi, huwa imekwisha fanywa kwa niaba yake.

Aidha, Aristotle mwenyewe alimpunguza simba wa Homer. Iliad ina tashbihi za simba zaidi ya ishirini, na si zote zinazosifu ushujaa. Katika kitabu cha 24, Apollo anamlinganisha Achilles na simba anayetawaliwa na nguvu zake na kiburi cha moyo wake, akaenda kuyavamia makundi ya mifugo ya watu. Maneno hayo ni lawama: Achilles amepoteza huruma, na ndiyo maana anafanana na mnyama. Katika kitabu cha nne cha Odyssey, Penelope, mwanamke asiyepata usingizi kwa kumhofia mwanawe, analinganishwa na simba aliyezingirwa na wawindaji. Huyo ni simba mwenye hofu. Kwa hiyo hata katika Kiyunani, leon hakuwa na maana moja. Aristotle alihitaji mfano mfupi kwa ajili ya somo la ufasaha, akachagua sifa moja. Waliomfuata waliichukua sifa hiyo wakaifanya kuwa maana ya neno.

3. Neno simba na upatanisho wake

Neno simba ni la Kibantu. Mzizi wake unapatikana katika lugha nyingi za jamii hiyo, kama vile Kishona, ambapo simba huitwa shumba. Na katika baadhi ya lugha mzizi huo humtaja mnyama mdogo wa jinsi ya kanu. Kufanana kwake na simha ya Kisanskriti ni kwa sadfa, ingawa sadfa hiyo imewahi kuwavutia wengi. Hivyo basi, neno hili halikuja na biashara ya bahari wala na vitabu. Lilikuwapo kabla ya asad na kabla ya leon kufika katika darasa la Kiswahili.

Kimofolojia, simba ni nomino ya ngeli ya N-: umbo la umoja na la wingi ni moja. Kiupatanisho, hata hivyo, hufuata ngeli ya viumbe vyenye uhai: simba amelala, simba wamelala. Jambo hili lina athari kwa sitiari ambayo haijazingatiwa vya kutosha. Mtu mashuhuri akiitwa mwamba, sarufi ya Kiswahili hulazimika kuchagua. Msemaji akisema 'mwamba umeanguka', amebaki ndani ya picha ya jiwe. Akisema 'mwamba ameanguka', kiambishi kimefichua kwamba mwamba huo ni mtu. Upatanisho unakuwa shahidi wa sitiari. Kwa simba shahidi huyo hayupo. Sentensi 'simba alimrukia' haina alama yoyote inayomtenga mnyama na mtu, na muktadha pekee ndio unaoamua. Tena, Kiyunani kina leaina kwa simba jike, ilhali neno simba halitaji jinsia hadi liongezewe neno jingine.

Matokeo yake ni kwamba simba ni mfano mgumu wa kufundishia sitiari katika Kiswahili, ijapokuwa unaonekana mwepesi kuliko yote. Katika mwamba, lugha inamsaidia msomaji. Katika simba, lugha inamwachia msomaji kazi yote, na jibu lililokaririwa la ushujaa ndilo linaloziba pengo hilo.

4. Simba katika methali na ngano

Iwapo ushujaa ndio maana ya msingi ya simba, ingetarajiwa kwamba methali zingeitangaza. Methali mbili zinazojulikana sana hazifanyi hivyo. Ya kwanza ni 'Simba mwenda kimya ndiye mla nyama'. Sifa inayotajwa hapa ni utulivu na subira. Anayenguruma hapati kitu. Anayenyamaza ndiye anayeshiba. Ya pili, iliyoenea sana nchini Kenya, inaonya kwamba ukiona simba amenyeshewa usidhani ni paka. Hapa suala ni la macho ya mtazamaji. Simba amelowa, manyoya yamelala, hadhi haionekani, na hatari imebaki pale pale. Methali zote mbili zinamhusu simba ambaye nguvu zake hazionekani kwa nje. Ushujaa wa Achilles ni wa kuonekana uwanjani. Huu ni uwezo uliojificha.

Ngano inatoa ushahidi ulio wazi zaidi, kwa kuwa kuna kisa kimoja kinachopatikana katika Kiyunani na katika Kiswahili. Babrius, aliyetunga hekaya kwa Kiyunani katika karne za mwanzo baada ya Kristo, anasimulia juu ya simba mgonjwa aliyelala pangoni. Mbweha anatumwa kumleta paa. Chambo anachotumia ni ufalme: simba yu karibu kufa, naye amemchagua paa awe mrithi wake. Paa anakuja, ananusurika mara ya kwanza, anarudi mara ya pili na kuuawa. Mbweha anakula moyo kwa siri. Simba anapouuliza, anajibiwa kwamba mnyama aliyekuja mara mbili kwenye pango la simba hakuwa na moyo.

Kisa hicho kiko pia katika Panchatantra ya Kihindi na katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu, na kwa njia ya bahari kilifika Zanzibar. Edward Steere alikichapisha katika mkusanyiko wake wa ngano za Waswahili mwaka 1870, kikiwa ndani ya hadithi ya kima na papa, kwa jina la kisa cha punda wa dobi. Simba ni mgonjwa. Anayetumwa ni sungura. Anayeletwa ni punda. Chambo si ufalme. Sungura anamwambia punda kwamba ametumwa kuja kumposa, na mposaji ni simba. Punda anafurahi na kwenda. Mwisho ni ule ule: sungura anakula moyo na masikio, na kumweleza simba kwamba punda huyo hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Tofauti ya chambo si jambo dogo. Katika hekaya ya Babrius simba ni mfalme hata akiwa hoi, na kiti chake ndicho kinachomvuta paa. Katika ngano ya Zanzibar hakuna kiti cha enzi kinachorithiwa. Simba ni mwindaji aliyeishiwa nguvu, anayemtegemea mdogo wake kwa akili, na uhusiano anaouahidi ni wa unyumba. Hatari inakuja katika sura ya ukwe. Kwa msikilizaji wa pwani, aliyeishi katika jamii ambamo posa huunganisha koo na mali, onyo hilo lilikuwa karibu naye kuliko habari za kurithi ufalme. Wala simba wa kisa hiki hana ushujaa wa aina yoyote. Anashindwa na punda mara ya kwanza, na anadanganywa na sungura baada ya ushindi. Mhakiki atakayeandika hapa kwamba simba huashiria ushujaa atakuwa amesoma kisa kingine.

5. Simba kinywani mwa anayeogopa

Mtihani mkubwa wa dai la makala haya ni Utendi wa Fumo Liyongo, unaohusishwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu na ulioandikwa mwaka 1913. Liyongo ni shujaa kwa kipimo chochote, naye analinganishwa na simba. Hapa ndipo jibu la kawaida linapoonekana kuwa salama kabisa.

Hata hivyo, yafaa kuulizwa ni nani anayesema. Ulinganisho huo umo katika maelezo ambayo mtawala wa Pate anawapa Wagala kuhusu Liyongo. Maelezo hayo yanataja nguvu zake, jinsi usiku na mchana ni sawa kwake anapotembea, na hali inayompata mtu anapotokewa naye ghafla: mwili hutetemeka na mtu hushindwa kujizuia. Uso wa mshabaha umetajwa ndani ya matini yenyewe, nao una sehemu mbili: nguvu za anayetazamwa na hofu ya anayetazama. Ushujaa, kwa maana ya moyo wa kukabili hatari, haumo. Mtu hawezi kusifiwa kwa kukabili hatari ilhali yeye mwenyewe ndiye hatari.

Aliyetoa maelezo hayo ndiye baadaye anayetaka Liyongo auawe. Kwa hiyo tashbihi hii si pambo la sifa lililowekwa na mtunzi kwa ajili ya kumkweza mhusika. Ni kauli ya mtawala anayemwona mtu aliyemzidi katika nchi yake, na ndani yake mna mbegu ya njama itakayofuata. Simba katika utendi huu hakai katika kiti cha ufalme. Ni tishio kwa aliyekikalia. Mwisho wa Liyongo unaafikiana na picha hiyo. Haangushwi vitani. Anaangushwa na mwanawe, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni akiwa amelala. Simba wa utendi, kama simba wa ngano, anashindwa kwa hila na mtu wa karibu. Msomaji anayetosheka na ushujaa hupoteza uhusiano huo kati ya tashbihi na mpangilio wa matukio, na huo ndio uhusiano unaoupa utendi nguvu zake za kisiasa.

6. Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba simba amekuwa alama ya utawala Afrika Mashariki hata bila ya Wayunani. Pingamizi hilo lina uzito. Mji ambao Henry Morton Stanley aliupitia mwaka 1871, mahali ulipo Morogoro, na ambao ulitawaliwa na binti wa Kisabengo, uliitwa Simbamwene, jina linalounganisha simba na umwinyi. Wafalme wa Ethiopia waliitwa Simba wa Yuda. Wapiganaji wa Kongo walioiteka Stanleyville, Kisangani ya leo, mwaka 1964 walijiita Simba, na mwaka 1971 klabu ya Sunderland ya Dar es Salaam ilichukua jina hilo.

Mifano hiyo haiupingi mjadala uliotangulia, inaupanua. Simba wa Yuda ana asili ya Kibiblia, na hadhi yake inatoka katika ukoo. Wapiganaji wa Kongo walitafuta jina la kutisha, na imani yao katika dawa iliyodaiwa kugeuza risasi kuwa maji inaonyesha kwamba walichotaka ni kutodhurika. Klabu ya mpira ilihitaji jina la kumtia mpinzani hofu. Kila simba ana uso wake wa mshabaha, na hakuna unaoweza kujulikana kwa kukariri. Hata watoto wa pwani wanaoitwa Haidari, Usama au Abasi wanabeba majina ya simba kwa Kiarabu, lakini kwa wazazi wao majina hayo kwanza ni kumbukumbu ya watu wa historia ya Uislamu, kisha ndipo huwa ya mnyama.

7. Simba wa Sergoit

Suala hili lina uzito wa pekee kwa msomaji aliye Eldoret. Mwaka 1909, kabla mji huu haujapewa jina lake la sasa mwaka 1912, Theodore Roosevelt alikuwa katika nyanda za Uasin Gishu, karibu na jabali la Sergoit. Huko alishuhudia wapiganaji wa Kinandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki, na akaeleza tukio hilo katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1910. Katika uwindaji wa namna hiyo, ushujaa ni wa mshika mkuki anayesimama simba anapomjia. Simba ni adui wa mifugo na kipimo cha moyo wa kijana. Sifa haihamishwi kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, bali mtu huipata kwa kumshinda mnyama.

Mwaka huo huo wa 1909, A. C. Hollis alichapisha kitabu chake kuhusu Wanandi, ambamo simba, ng'etundo kwa Kinandi, ametajwa kuwa mnyama wa ukoo wa Talai. Ukoo huo ndio uliotoa maorkoiyot, akiwamo Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Waingereza tarehe 19 Oktoba 1905. Kwa mtu wa ukoo huo simba ni alama ya nasaba. Katika jamii moja basi, na katika kizazi kimoja, simba alikuwa mawindo kwa mmoja na ishara ya ukoo kwa mwingine.

Mwanafunzi aliyelelewa katika mazingira hayo anapoingia darasani na kuambiwa kwamba Juma ni simba, ana mambo ya kuuliza ambayo Aristotle hakuyauliza. Je, Juma anaogopwa? Je, anawindwa? Ni wa ukoo gani? Mwalimu anayemjibu kwamba simba ni ushujaa anamfundisha kuacha maarifa yake nje ya mlango. Hasara hiyo haimwangukii mwanafunzi pekee. Taaluma ya uhakiki wa Kiswahili, inayosomwa na kufundishwa na watu wa lugha nyingi za mama, hupoteza ushahidi ambao ingeweza kuupata kwa gharama ndogo.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usawa wa simba na ushujaa ulianza kama mfano wa darasani katika Kiyunani, ukathibitishwa katika balagha ya Kiarabu, na ukarithiwa na vitabu vya Kiswahili katika sentensi ambayo haikuwa ya Aristotle wala ya al-Jurjani. Methali, ngano na utendi zilizochunguzwa zinamwonyesha simba kuwa nguvu iliyojificha, mwindaji anayedanganywa, na mtu anayeogopwa na mwenye mamlaka.

Haipendekezwi kwamba mfano wa simba uondolewe katika ufundishaji. Kinachopendekezwa ni kwamba usifundishwe pamoja na jibu. Mhakiki anayekutana na simba katika matini anapaswa kuuliza ni nani anayemtaja, anamtaja mbele ya nani, na ni sifa gani ambayo matini yenyewe imeitaja au imeidokeza. Pale ambapo matini imenyamaza, ni afadhali mhakiki aeleze ukimya huo kuliko kuujaza kwa neno aliloliazima. Kilichoazimwa, kama istilahi ya istiara yenyewe inavyokumbusha, kina mwenyewe. Na katika utendi wa Liyongo mwenye simba ni mtawala wa Pate, ambaye alikuwa akitetemeka aliposema.